Walivyowaua Mbega wa Kwenye Mkuyu

Alhamisi. Ukungu haujainuka kutwa nzima, manyunyu yanakuja na kuondoka, na mimi nimefura kwa hasira.

Naandika nikiwa jikoni, mlango nimeurudishia. Ugali sijasonga. Rashidi, mume wangu, amekaa barazani, gobole lake ameliegemeza ukutani. Anasubiri chakula. Na asubiri.

Wamewaua mbega wangu.

Nikisema "wangu" najua watu watacheka. Mnyama wa msituni hana mwenyewe. Lakini mimi ndiye niliyekaa nao. Kabla hatujahamishiwa hapa kijijini, kabla mashamba hayajaunganishwa kuwa shamba moja la wote, kile kipande kilichopakana na msitu kilikuwa cha mama mkwe wangu, na aliyekilinda ni mimi. Kila msimu mahindi yakitoa mbelewele nilikuwa napanda dunguni na debe langu na kijiti, nakaa pale juu ya nguzo tangu alfajiri mpaka jua lizame, nikiona nyani tu napiga debe mpaka wakimbie. Ukikaa hivyo kutwa, huna wa kuongea naye, unaangalia kilichopo mbele yako. Mbele yangu palikuwa na mkuyu, na kwenye mkuyu walikuwepo mbega, wale weusi wenye manyoya marefu meupe mabegani.

Walikuwa familia moja. Dume mmoja tu, mzito, nikamwita Mgosi kama tunavyowaita wanaume zetu huku. Majike kadhaa, na mmoja wao mzee kabisa, manyoya yamepukutika mgongoni, huyo nilimwita Bibi. Alfajiri Mgosi ndiye anayeanza kunguruma, na dume wa familia nyingine anamjibu kutoka ng'ambo ya bonde. Basi, kila mmoja ameshajua mpaka wake, hakuna ugomvi. Jua likichomoza wanapanda juu kabisa wanaota jua. Hawana haraka na dunia. Wanachambuana manyoya, huyu amemlalia mwenzake mapajani, wanakula majani, wanalala tena. Miaka yote niliyokaa pale sikuwahi kumwona hata mmoja ameshika hindi.

Mtoto wa mbega huzaliwa mweupe pe. Hilo sikulijua mpaka nilipoliona. Akishazaliwa, mama yake hakai naye peke yake, wote wanamtaka. Huyu anamchukua anamkumbatia, yule anamnyang'anya, mtoto akilia anarudishwa akanyonye, akishiba anachukuliwa tena. Nilimsimulia mama mkwe, akacheka mpaka akashika kiuno. Akasema, "Kumbe na wao wana mawifi."

Maana ndivyo alivyolelewa Amina wangu. Nilikuwa mzazi mgeni, maziwa haba na akili haba, mtoto akapita mikononi mwa mama mkwe na mawifi zangu wote, kuna siku nilimwona saa za kunyonya tu. Nyumba zetu zilikuwa mlango kwa mlango. Sasa tumepangwa mistari. Mama mkwe yuko mwisho wa kijiji, wifi mmoja kule bondeni, mimi huku karibu na ofisi. Hilo nalo linanikera, lakini si la leo.

Sikatai ujamaa, nisije nikaeleweka vibaya. Shule tumeipata, bomba tumelipata, na hata kuandika huku nimejifunza jioni jioni kwenye kisomo cha watu wazima. Ninachosema ni kwamba dungu haliendi kwa zamu. Zamani aliyekaa dunguni alikuwa analinda chakula cha watoto wake, hata mvua ikimnyea habanduki. Sasa leo anakwenda fulani, kesho fulani, na shamba ni la kijiji kizima, kwa hiyo fulani akiamka akaona baridi, anajifunika tena.

Ndicho alichofanya Bakari. Zamu ilikuwa yake, akafika shambani jua limeshatoka. Amekuta mahindi yamevunjwa, matuta matatu chini, maganda yametapakaa. Mwizi ameshaondoka zake. Bakari akainua macho, akawaona nani? Mbega, juu ya mkuyu, wanaota jua kama kila siku. Akarudi mbio kwa mwenyekiti akasema wezi amewaona, na bado wako pale pale, wameshiba.

Wameshiba! Mwizi gani anayekaa kuota jua juu ya alichoiba?

Nyani huja alfajiri, chini chini, mmoja anabaki kulinda njia, na ukitokea wewe wameshavuka mto. Asiyewahi hawaoni. Ukweli huo anaujua mwanamke yeyote wa hapa aliyelinda shamba lake mwenyewe. Lakini Bakari angesema nyani, angeulizwa yeye alikuwa wapi walipokuwa wanakula.

Juzi ukaitishwa mkutano. Nilisimama. Sijawahi kusimama mkutanoni, lakini nilisimama. Nikawasalimu wazee shikamoo, nikaeleza yote niliyoyaona dunguni, nikasema mbega anakula majani, wanaotumaliza ni nyani, tuweke watu wawili alfajiri na mbwa, tutawaona wenyewe. Sikumtaja Bakari. Mwenyekiti alinisikiliza mpaka mwisho, nampa haki yake. Halafu akasema, "Mama Amina, kaa. Wote wana mikia."

Wanaume waliangua kicheko. Na wanawake nao, wale wale niliolinda nao mashamba tangu tukiwa wasichana, wakaangalia chini. Rashidi alikuwa amekaa mbele. Hakucheka. Lakini hakusema kitu, na jina lake likaandikwa pamoja na wenye magobole.

Jana kutwa nilimsihi. Nikamwambia aseme anaumwa. Akaniambia mtu haumwi siku ya kazi ya kijiji, kesho yake atanyooshewa kidole. Nikamwambia basi nenda, lakini usipige. Akaendelea kula.

Leo asubuhi wakaondoka na mbwa, magobole na madebe. Wanawake tuliambiwa tubaki. Mimi nikachukua kamba nikawafuata, na waliponigeukia nikasema naokota kuni. Nikasimama kwenye ukingo wa shamba, karibu kiasi kwamba hata kwenye ukungu ule mkuyu nauona wote.

Nyani, kama walikuwepo, walisikia mbwa tangu huku nyumbani. Mbega hawakimbii hivyo. Mbega akiogopa anapanda juu na kutulia, anadhani usipomwona ametikisika utapita zako. Wale watu hawakupita. Walipouzunguka mti, Mgosi akashuka.

Alishuka! Akaja tawi la chini kabisa, karibu kabisa na watu, akawa ananguruma na kurukaruka, tawi hili na hili, majani yanapukutika. Kila mtu akamgeukia yeye. Niliona anachokifanya, wallahi nilikiona, kwa sababu nyuma yake majike walikuwa wanaondoka mmoja mmoja, wanaruka kwenda kwenye miti ya msituni. Bibi alitangulia na uzee wake. Magobole yakalia, moja, la pili, la tatu. Mgosi akaanguka na bado alitaka kuinuka.

Jike mwenye mtoto alichelewa. Ana mtoto mweupe, wa juzi juzi tu, amemshika tumboni kwa mkono mmoja. Risasi ikampata akiwa anajikusanya kuruka. Hakuanguka, alikwama kwenye panda ya tawi, kichwa chini, na mtoto bado amemng'ang'ania kifuani.

Hapo Bibi akarudi.

Alikuwa ameshavuka. Alikuwa salama, ndani ya msitu, hakuna aliyekuwa anamwona. Akarudi kwa tawi lile lile, hatua kwa hatua, mbele ya watu wote wale na mbwa wanabweka. Alipofika akaanza kumbandua mtoto kwa mama yake. Mtoto hataki kuachia. Akambandua mkono, mtoto anashika tena, akambandua tena, taratibu, mpaka akampata, akamweka tumboni kwake. Muda wote huo hakuna gobole lililolia. Wengine walikuwa wanashindilia baruti upya, mikono imesimama. Kisha Bibi akageuka, akaondoka na mtoto.

Magobole yote nilikuwa nimeyasikia yakilia isipokuwa moja. Nalijua gobole la nyumba yangu, lina sauti yake, na sikulisikia. Rashidi alikuwa amesimama chini ya ile panda, karibu kuliko mtu yeyote. Ana risasi yake ndani. Bibi alikaa pale mbele yake muda wa kutosha kumpiga hata mtu asiyejua, na hakupigwa.

Basi nikalia pale pale na kamba yangu ya kuni. Nilikuwa na hasira ya kuwatafuna watu, lakini kuna kitu kimoja nilikishika kwa mikono miwili: mume wangu alikataa. Hakusema mkutanoni, hakusema jana, lakini saa yenyewe ilipofika alikataa.

Wamewachuna. Ngozi zimewambwa ukutani mwa ofisi, nasikia wachezaji wa ngoma watazivaa siku akija mgeni kutoka wilayani Lushoto. Nyama hatuli, wamepewa mbwa. Mwenyekiti ameshukuru watu kwa kujitolea. Na mchana huu huu, watu wako ofisini wanaangalia ngozi, nyani wameingia shambani wakala upande wa juu wote. Bakari ndiye aliyekuja kusema. Safari hii amewaona kwa macho yake. Mwenyekiti akasema tutaitisha mkutano mwingine.

Nimeandika mpaka hapa nikaona mimi ni mjinga. Nakaa jikoni namnyima chakula mtu pekee aliyefanya la maana leo. Nikaweka kalamu, nikatoka barazani.

Nimekaa karibu naye. Nikamwambia nilikuwepo, niliona. Akasema alijua nipo. Nikamwambia ahsante.

Akaniuliza, "Ahsante ya nini?"

Nikamwambia, kwa yule mzee aliyemrudia mtoto. Ulikuwa na risasi, na hukumpiga.

Rashidi akasema, polepole, kama mtu anayemweleza mgonjwa, "Nilifyatua, Mama Amina. Mara mbili. Gobole ndilo lililokataa."

Nimerudi jikoni. Maji yamechemka yakakauka sufuriani, nimeweka mengine, maana Amina ana njaa na hana kosa. Nitasonga. Cha Rashidi nacho nitapakua, nitampelekea huko huko aliko, sijafikia kumlaza mtu na njaa. Kesho zamu ya dungu ni yangu, nitatoka nyumbani mapema kabla hajaamka.

Mwenyekiti nitaweza kumkasirikia. Bakari nitaweza, naye najua njia ya kumpata. Mgosi amekufa, yule mzazi amekufa, mtoto yuko na Bibi na sijui kama yupo jike mwingine mwenye maziwa. Hayo yote yana mahali pake pa kukaa moyoni.

Hili la Rashidi halina. Alikuwa na nafasi, nilimpa mwenyewe, nilishaishika ile hadithi na kumletea mkononi. Angenyamaza tu, angekubali ile ahsante, ningemheshimu mpaka naingia kaburini.

Kwa nini hakunidanganya?