Nafasi ya Bi Mkubwa Kwenye Mstari

Chaka, njia ya Nanyuki

Mamangu mpenzi,

Shikamoo mbili: moja yako, moja umfikishie Bi Mkubwa pale kitandani kwake. Najua Omari ndiye anayekusomea, basi asome polepole na asiruke mahali. Kifua chako kinaendeleaje? Na mguu wa Bi Mkubwa? Mimi ni mzima, ila baridi ya huku haina adabu. Asubuhi mlima hutokea wote na theluji yake kichwani, nami husimama mlangoni nikiutazama mpaka maji ya chai yanakauka jikoni. Mlima huo bado sijauzoea.

Lakini sikuandikii kwa ajili ya mlima. Nilikaribia kufukuzwa hapa.

Unajua nafundisha Historia, Jiografia na Uraia, darasa la sita. Watoto wa huku ni wapole mno. Nikiwasomea kitabu, hunitazama kama watu wanaongoja mvua iishe. Nikaona niwachangamshe. Tulikuwa kwenye somo la kuhesabu watu wa nchi, kwa hiyo nikawaambia kila mmoja akahesabu watu wote wa kwao, na mbuzi pia, kisha alete idadi tuichore ubaoni. Nikarudi nyumbani nikijisifu.

Kesho yake nusu ya darasa hawakuja, na siku iliyofuata wakapungua zaidi. Kumbe huku mtu hahesabiwi, mama. Kuhesabu watoto ni kuita kifo kije kuwapunguza. Wazazi walifika shuleni, mbele yao baba wa mwanafunzi wangu Wangari, pande la mtu, muuza viazi sokoni. Hakupaza sauti, na hilo ndilo lililoniogopesha.

"Mwalimu, ati umetuma watoto wahesabu watu? Sisi watu hatuhesabu. Hata mbuzi hatuhesabu, tunaangalia tu kama iko yenye haiko."

Niliomba radhi mpaka koo likakauka. Mwalimu mkuu, naye ni mwenyeji wa hapa hapa, aliniambia wazi kwamba watoto wasiporudi ataiandikia ofisi ya elimu nihamishwe, na barua ya namna hiyo humfuata mwalimu mpya popote aendapo. Waliosema mgeni njoo mwenyeji apone hawakunijua mimi.

Sasa sikiliza. Walipokuwa wakiondoka, yule muuza viazi alimwinamia binti yake, Wangari, kitoto cha kunifika kifuani, akamwambia kwa heshima kabisa, "Maitu, twende nyumbani." Maitu ni mama. Baba mzima anamwita mwanawe mama. Nilimuuliza mwalimu mkuu, akashangaa kwamba sijui. Binti wa kwanza hupewa jina la mama yake baba, wa pili jina la mama yake mama, na wavulana vivyo hivyo kwa babu zao. Tena si jina tu. Kwao ni kama yule mtu amerudi. Akanieleza pia habari ya rika, kwamba watu wa umri mmoja walioingizwa utu uzima pamoja huitwa kwa jambo lililotokea wakati wao. Muda wote nilidhani nafundisha watoto, kumbe madawati yale yamekaliwa na wazee watupu.

Nikamwomba somo moja tu, nje uwanjani, wazazi waje waone. Sitahesabu mtu, nikamwambia, watajitaja wenyewe. Habari ikapelekwa nyumba kwa nyumba: kila mtoto amuulize yule aliyechukua jina lake, au wanaomkumbuka, alikuwa rika gani na aliona nini. Sikujua kama atafika hata mmoja. Walifika wote, na wazazi nyuma yao, wamekunja mikono.

"Mimi ni wa rika ya ndege," akaanza mvulana mmoja. "Ndege ilipita hapa juu mara ya kwanza, ng'ombe zikakimbia, na sisi pia."

Mzee mmoja akacheka. Mtoto mwingine akawa wa rika la ndui, akasimama mbele zaidi. Wakajipanga wenyewe nyasini, mkubwa hadi mdogo, wakisukumana na kusahihishana nani alimtangulia nani, bila mwaka hata mmoja wa kitabuni. Historia niliyokuwa naitafuta vitabuni ilisimama mbele yangu, magoti yake yana vumbi. Kisha zamu ya Wangari ikafika.

"Mimi ni Wangari. Nilikuwa navuna maua ya pareto ya mzungu, hapa hapa shule iko. Huyu," akamwonyesha baba yake, "nilimzaa kando ya shamba. Kesho yake nikarudi kwa kazi na yeye kwa mgongo."

Baba yake alivua kofia akaishika kifuani. Aliyelia ni mimi.

Watoto wamerudi, na habari za kuhamishwa zimekwisha. Siku hizi tunasomea nyasini na wazee huja kutusahihisha. Lakini siku ile Wangari alinigeukia.

"Na wewe mwalimu, wewe ni nani? Utasimama wapi?"

Nikasema mimi ni Mejumaa, nilizaliwa Ijumaa. Wakacheka, hiyo ni siku, si mtu. Bibi yako basi ni nani? Nikafungua mdomo, na jina sina. Nimelelewa mapajani mwake, nimelala naye kitanda kimoja, lakini kwetu jina la mkubwa halitamkwi, na tangu nipate akili nasikia Bi Mkubwa tu. Nikawaambia hivyo. Wangari hakucheka. Alisogea kidogo, akaacha pengo pembeni yake. Kila tukijipanga pengo lile huachwa, na hakuna mtoto anayelikanyaga.

Najua ni mkweo na haya zinakushika. Basi Omari amuulize, angali anasikia: mamake alimpa jina gani, na alipokuwa msichana aliona nini. Aandike kama anavyotamka yeye.

Nisalimie shangazi msusi wa mikeka, na mjomba mkwezi, mwambie huku hakuna hata mnazi mmoja wa kunikumbusha yeye.

Ni mimi mwanao,
Mejumaa,
mjukuu wa Bi Mkubwa, aliyewekewa nafasi na Wangari.