Nani Alimfundisha Enesi?

Stesheni ya Tunduma,
10 Aprili 1988

Mama mpendwa,

Shikamoo. Mimi sijambo, ila vumbi la hapa mpakani limenipa kikohozi kisichotaka kuaga. Wewe je? Na baba mdogo ameshapona ile malaria?

Mama, nina jambo. Makarani wenzangu wa Kizambia hapa kwenye tiketi wanacheza chesi, mchezo wa ubao kama drafti, ila kila kete ina mwendo wake. Walinionyesha jinsi ya kusogeza kete wakidhani wamepata mtu wa kumfunga treni ikichelewa. Sasa hakuna hata mmoja anayeniweza. Juzi alipita Bwana Makene, afisa michezo kutoka Mbeya, akajitia kukaa nami. Nikamfunga kabla chai yake haijapoa. Alikiri kwamba nina kipaji, lakini akasema kipaji cha porini hakifiki mbali, mabingwa hutengenezwa na serikali.

Hata hivyo ameandika jina langu. Mwezi ujao kuna mchujo Mbeya, na mshindi mmoja atakwenda kambi ya taifa Dar es Salaam kufundishwa na mwalimu wa Kirusi. Mama, sijawahi kutaka kitu kama ninavyoitaka nafasi hiyo. Naomba ruhusa yako, maana siku za kuchuma kahawa sitakuwepo.

Mwanao,
Atupele

Ruanda, Mbozi,
24 Aprili 1988

Mwanangu Atupele,

Marahaba. Baba yako mdogo amepona na ameanza tena ubishi, kwa hiyo ni mzima kabisa. Hicho kikohozi kichemshie majani ya mpera, usikipuuze.

Ruhusa unayo. Lakini huyo Makene amenikera. Kipaji cha porini! Hebu mwulize, mimi nani alinifundisha? Kila msimu wanaume wanaleta kahawa kwenye mizani ya chama cha ushirika, wanakaa kwenye drafti wakisubiri kupimiwa, na mimi nawainua mmoja mmoja kwa vizibo vya soda. Kuna mmoja siku hizi anamtuma mkewe alete magunia, yeye hakanyagi. Sijaona darasa la drafti tangu nizaliwe. Nimezaliwa nayo, na wewe umeinyonya kwangu. Mtu hafundishwi kuona.

Sisemi serikali haifundishi. Ndiyo iliyonifundisha kusoma, kwenye elimu ya watu wazima, wewe ukiwa mgongoni, na ndiyo maana barua hii naiandika kwa mkono wangu. Lakini a, e, i, o, u ni kitu kingine.

Nenda kawaonyeshe. Na adabu yetu ya mizani usiiache nyumbani: ukimfunga mtu mzima mara mbili, mchezo wa tatu mwachie, arudi kwake na uso wake.

Mama yako,
Enesi

Stesheni ya Tunduma,
2 Juni 1988

Mama,

Shikamoo. Kikohozi kimepona. Moyo ndio unaoumwa.

Nafasi sikuipata. Mpinzani wangu wa mwisho alikuwa Mzee Sadock, mwalimu mstaafu, kichwa chote mvi. Kila jozi ilicheza michezo mitatu. Nilimfunga wa kwanza, nikamfunga wa pili. Wa tatu nikamwachia kama ulivyonilea. Nilijua mbili kwa moja nimeshinda, basi. Kumbe kila mchezo una pointi yake na zote hujumlishwa, na hakuna aliyetutangazia. Nikapitwa kwa pointi hiyo moja na kijana ambaye mwaka jana alikuwa kambini hukohuko Dar.

Nilimweleza Bwana Makene kwa nini nilimwachia mzee. Alicheka mpaka akatoa leso. Halafu akasema mbele ya watu wote, "Hiyo ndiyo tofauti ya aliyefundishwa na asiyefundishwa."

Mama, nimekasirika mpaka nashindwa kula. Wanaochaguliwa kwenda kufundishwa ni walewale waliokwisha kufundishwa. Sasa sisi wengine tuanzie wapi?

Wenzangu wa Kizambia wamenionea uchungu. Huko Mpika kuna timu ya chesi ya wafanyakazi, ina mwalimu anayelipwa na serikali yao, naye yuko tayari kunipokea. Kazini nitahamishwa bila shida, maana reli ni ya nchi zote mbili. Ila nitacheza upande wao. Bila neno lako siendi.

Mwanao,
Atupele

Ruanda, Mbozi,
20 Juni 1988

Atupele,

Marahaba. Sisi wazima.

Makene amekucheka kwa sababu una adabu? Mwanaume mzima, anakula mshahara wa umma, anamcheka mtoto wa watu kwa kumheshimu mzee! Angekuja hapa kwenye mizani tungemfunza adabu hiyo bila mwalimu wa Kirusi.

Lakini na wewe umenichoma. Hao wa Makene wamekukataa, kwa hiyo unakwenda kukaa upande wa watu? Ukafundishwe nini? Ulichonacho umepewa na Mungu kupitia kwangu, na hao walimu watakikatakata mpaka usikijue. Mimi nimeshinda miaka yote bila kuinamia mtu. Huo Mpika siutaki. Kama umeamua, nenda, ila usiniandikie.

Mama yako,
Enesi

Mpika,
9 Septemba 1989

Mama yangu,

Shikamoo. Ulinikataza kuandika na nimetii zaidi ya mwaka. Sijui kama u mzima, na kutojua huko kumenishinda. Mimi ni mzima.

Hapa kuna binti anaitwa Mutale. Hana kipaji, Mama, nakuapia, hata njia ya sokoni inampotea. Lakini amefundishwa tangu akiwa darasa la tatu. Kila mchezo wake mwalimu anaurudia naye kete kwa kete mpaka kosa lionekane. Nilipofika alinifunga kila siku, miezi mizima. Nililia nikitaka kurudi Tunduma. Halafu wakaanza kunifundisha mimi vilevile, na hawakukata kitu, Mama. Walinipa macho mengine juu ya yale uliyonipa wewe.

Mwezi uliopita nilimfunga Mutale, nikawafunga wote, nikawa bingwa wa jimbo. Watu walipiga makofi na mimi nikashikwa na hasira, kwa sababu nilikuwa nakuwaza wewe. Wewe unaona mbali kuliko Mutale, kuliko mimi, pengine kuliko mwalimu wetu. Na hakuna aliyewahi kukuita hata siku moja. Wamekuacha na vizibo vya soda, halafu wanasema kipaji cha porini. Nani alikiacha porini?

Mwanao,
Atupele

Ruanda, Mbozi,
22 Oktoba 1989

Mwanangu,

Marahaba, marahaba sana. Ni mzima. Barua yako niliisoma nikaitupa kwenye kapu la kahawa, kisha nikaifuata.

Makene amekuja hapa na gari la serikali. Amesikia ubingwa wako. Anataka urudi uchezee mkoa, na mimi nisimame kwenye mkutano wa hadhara niseme serikali ndiyo imekulea. Nikamwambia, "Wewe ulimcheka mwanangu. Aliyemfundisha yuko Mpika, kamshukuru huyo." Akaniambia kipaji chako ni mali ya taifa. Ilipokuwa ya kupaliliwa ilikuwa ya porini, imekomaa ndiyo mali ya taifa! Nilimwonyesha mlango na chai hakuimaliza. Chezea hapo walipokufundisha, una baraka yangu.

Sasa hilo swali lako. Limenikosesha raha, mpaka kwenye mizani nimekaa nje ya drafti watu wakadhani naumwa. Miaka yote nimejisifu kwamba sikufundishwa na mtu. Kumbe nilikuwa najisifia kunyimwa. Kusoma walinifundisha na nikajua, na hili nalo ningejua. Nina hasira, Atupele. Nina miaka hamsini na mmoja na nina hasira kama ya mtoto aliyerudishwa mlangoni mwa shule.

Kahawa nimeshauza. Baba yako mdogo atabaki na ng'ombe, apende asipende. Ijumaa napandia treni Vwawa. Mwambie huyo mwalimu anipangie nafasi kwenye darasa la wanaoanza.

Mama yako,
Enesi