Kilio cha Mama Trésor hakikupata wapishi

Jumanne, Oktoba. Jioni.

Joto limekaa juu ya Kolwezi tangu asubuhi na mvua bado haijaamua. Vumbi jekundu limeingia hadi kwenye sukari. Sina utulivu. Nitaandika mambo kwa mpangilio yalivyotokea, la sivyo nitaanza kujitetea.

Alfajiri Mama Trésor, jirani wa nyumba ya tatu kutoka kwetu, alifiwa na huyo Trésor mwenyewe, mtoto wa miezi saba. Malaria, alisema muuguzi. Baba yake anachimba huko Fungurume na simu yake haipatikani tangu jana.

Kwenye avenue yetu, mtaa wote, kukiwa na kilio, mfiwa hagusi moto. Anakaa mkekani, sisi wanawake tunampikia. Mimi ndiye secrétaire, mwandishi wetu. Napitisha daftari mlango kwa mlango na kila mmoja anaandika atakachotoa au atakachofanya: unga, makala ya moto, maji, kusonga bukari, yaani ugali.

Leo saa sita daftari lilirudi jeupe.

Sikushangaa, na hilo ndilo linaloniuma. Miezi mitatu iliyopita, kwenye kilio cha mzee mmoja wa hapa, Mama Odile alisema mbele ya wote: "Mi niko na batoto. Siwezi kula bukari ya mutu anashinda mu mayi anaosha mawe. Ile sumu inakaaka mu mikono."

Mama Trésor huosha mawe ya shaba mtoni, upande wa Mutoshi. Ndiyo kazi yake. Siku ile alikuwa ameshashika mwiko. Aliuweka chini, akaenda kukaa karibu na ukuta, mtoto mgongoni. Wote walinigeukia mimi, nami nikaandika: Waosha mawe hawagusi chakula. Nikapiga mstari chini yake kwa rula.

Sikusema neno. Niliandika tu. Kwa miezi mitatu nimejipumzisha hapo.

Tangu siku ile hakuitwa tena popote, si kilioni, si harusini, si hata kusukana nywele mbele ya nyumba. Juzi usiku mtoto alipoanza kuchemka, hakugonga mlango wa mtu kuomba asindikizwe dispensaire kwa matibabu. Alingoja kupambazuke. Dada yake ndiye aliyeniambia: aliogopa kufukuzwa mlangoni na mtoto mikononi.

Hakuna mtu aliyewahi kumwinulia mkono; mstari wangu ulitosha.

Saa nane nilikwenda kwake. Dada yake alikuwa ametoka kumhimiza seremala wa jeneza. Nilimkuta peke yake, amechuchumaa, anapuliza makala. Mfiwa, anajiwashia moto. Aliinua macho.

"Karibu, Mama Secrétaire. Weye njo uko na liste mu daftari. Angalia muzuri: leo niko na ruhusa ya kugusa sufuria?"

Hakuwa akinichokoza. Aliuliza kweli.

Nilimketisha mkekani nikasonga mwenyewe. Kichwa cha Mama Odile kikatokea juu ya ukuta. "Hee, Secrétaire! Bukari ya mawe hiyo? Chunga meno, mama!" Mtu akacheka nyuma yake. Sikugeuka, nikaendelea kusonga.

Kisha likaja lililo baya zaidi, na hili ni langu mwenyewe. Mama Trésor alimega tonge akaninyooshea. Nilisita. Ilikuwa pumzi moja tu, lakini aliiona, akalirudisha sahanini taratibu, kama mtu aliyezoea. Nikalichukua, nikala. Nilipofika nyumbani nilinawa kwa sabuni, na katikati ya kunawa nikaona haya.

Tunazika kesho asubuhi.

Kabla ya hapo nitagonga kila mlango, nikianza na wa Mama Odile. Nitasema kwa mdomo wangu kwamba niliandika uovu, na kwamba mtoto angepelekwa mapema kama tusingemfungia mama yake milango. Naogopa. Mimi pia naishi hapa, na sasa najua inavyokuwa mtu akiwekwa kando.

Wasipofungua, nitakwenda kuzika hivyo hivyo. Jeneza ni dogo, mwanamke mmoja anaweza kulibeba hadi makaburini.

Lakini asiwe mama yake.