Mama mkwe alivyomsikia daktari

Yasmin, niko kliniki hapa Doornfontein, nalia tu. Presha ya mume wangu Ezéchiel imepanda tena, na hata miaka thelathini hajafika!

Daktari akauliza alikuwaje utotoni. Mama mkwe akasema alimzaa msituni, wakikimbia vita, kadogo sana, na maziwa yakamkauka.

Daktari akasema huenda njaa ile ndiyo iliyoanza kuharibu mishipa yake ya damu. Eti imekakamaa kama ya mzee.

Yasmin, ni mimi niliyemtafsiria mama! Kwa nini sikunyamaza?

Mama akamshika mwanawe miguu. "Nisamehe. Nilikula majani tu."

Ezéchiel akasema, "Mama, ulinibeba nikaishi." Wapi! Hasikii.

Nimemletea mama mkate, kakataa kuula. Anammegea Ezéchiel wote.