Blauzi ya Pande Mbili Tofauti

Alhamisi, 20 Machi 2025

Leo nimetoa nguo zote kabatini nikazitandaza kitandani. Zote! Magauni mawili ya kanisani, sketi, blauzi saba za kufundishia. Nimezijaribu moja moja, mlango nimeufunga kwa ufunguo. Hakuna inayokaa. Upande wa kulia sawa. Upande wa kushoto kitambaa kinaning'inia tu, kama gunia lililomwagwa viazi. Na mkono wangu wa kushoto hauingii tena kwenye blauzi yoyote — umevimba tangu operesheni ya Novemba, ile ya kuondoa titi. Sista alisema huenda ukabaki hivyo.

Dawa za kansa nimezimaliza. Nywele zimeanza kuota, laini kama za mtoto. Shule inafunguliwa tarehe 28 Aprili na ruhusa yangu ya ugonjwa inaishia hapo. Form Three wananingoja na ramani zao. Nitasimama mbele yao nimevaa nini?

Salesio amegonga mlango. Ati chai iko tayari. Nikasema nimelala. Uongo. Miezi minne sasa mume wangu hajaniona bila nguo. Hajauliza, sijamwonyesha.

Jumamosi, 22 Machi

Nimetoka hapa Kiirua nikaenda Meru mjini kwa Mwanamisi, yule fundi aliyenishonea nguo za arusi. Duka lake bado ni lile lile, Majengo, nyuma ya mabucha. Ni Ramadhani, amefunga, na nguo za Idi zimejaa mpaka mlangoni. Nilikuwa na mfuko wa blauzi nne za kupunguzwa. Nikamweleza kwa kunong'ona, maana kulikuwa na wateja.

Hakusema pole. Alichukua blauzi moja, akaigeuza ndani nje, akavuta mshono.

"Mwalimu, hii nikiipunguza hapa itakuvuta shingo. Nikiachilia shingo itakubana kwapa. Hizi hazirekebishiki."

Nikamwambia basi anishonee mpya. Akacheka, akanionyesha ule mlima wa nguo. Baada ya Idi ni sare za shule. Mwezi wa tano labda.

"Lakini si una cherehani nyumbani?"

Ninayo. Ya mama. Sijawahi kushona kitu zaidi ya mapazia.

Akaingia chini ya meza, akatoka na karatasi tatu za kaki zilizochakaa. Mbele, mgongo, mkono. Pateni ya msingi, ndivyo anavyoiita. Ati kwa hizo tatu anashona kila kitu dukani mwake. Ukirefusha ni gauni. Ukifungua mbele na kupanua kidogo ni koti. Ukibadilisha shingo, watu wanadhani ni nguo nyingine kabisa. Nizinakili, nipime mwili wangu, nirudi baada ya Idi.

Jumatatu, 24 Machi

Nimenakili pateni kwenye karatasi za kalenda za zamani. Kazi rahisi. Halafu nimegundua tatizo! Karatasi ya mbele ni nusu tu. Unakunja kitambaa, unaiweka kwenye mkunjo, unakata, na pande zote mbili zinatoka sawa.

Sawa! Nimekaa nikaiangalia hiyo nusu mpaka chai ikapoa.

Kujipima mwenyewe kumenishinda. Tepu inateleza mgongoni. Mkono haufiki.

Alhamisi, 27 Machi

Mvua imeanza leo mchana. Salesio amekimbia kutoka shambani, matope mpaka magotini, na mimi nimesimama katikati ya chumba nikiwa nimejifunga leso, tepu mkononi. Nilikuwa nimejizungushia mara ya kumi na nimekasirika. Sijui ujasiri ulitoka wapi. Nikasema, "Baba Caro, njoo unipime."

Akasimama mlangoni. "Wacha ninawe mikono kwanza."

Alinawa muda mrefu. Mimi nikaiachilia leso.

Alianza na mgongo. Anapima kama mtu anayepima mbao, anasoma inchi kwa sauti, mimi naandika. Mabega, kiuno, nyonga. Akaja mbele. Kutoka begani hadi kiunoni, upande wa kulia: kumi na saba na nusu. Upande wa kushoto akasimamisha tepu.

"Hapa tepu ipite wapi?"

"Juu ya kovu. Haitaniumiza."

Akaipitisha. Kidole chake kilikuwa baridi. Akasema kumi na tisa. Haiwezekani! Nikamwambia asome vizuri. Akapangusa macho kwa kiwiko, akasoma tena. Kumi na tano na nusu.

Baadaye tukikaa kitandani akasema, "Nilikuwa nangoja uniite." Alinifunika ile leso mabegani akaenda kukama.

Inchi mbili. Hiyo ndiyo tofauti yote. Nilidhani ni kubwa zaidi.

Jumatano, 2 Aprili

Idi imepita, Mwanamisi amepumua kidogo. Amenipa kaimati zilizobaki na saa mbili nzima za masomo.

Kwanza, nisahau mkunjo. Nichore mbele yote, kulia na kushoto, kila upande kivyake. Upande wa kulia nibakize dati — ule mshono mdogo unaochongoka kuelekea kwenye titi ili kitambaa kipate nafasi. Upande wa kushoto dati iondoke. Lakini haifutwi tu! Karatasi inakatwa, kipande kinapanda juu ya kingine mpaka zile inchi mbili zimezwe, halafu inabandikwa. Nimejaribu mara tatu. Mara ya tatu karatasi imelala kwenye meza tambarare kabisa, haina kibonge popote.

Mkono wa kushoto wa pateni unapasuliwa katikati, unapanuliwa inchi moja na nusu, na kile kinachozidi kinawekwa marinda madogo begani. Na mbele iwe wazi, vifungo, kwa sababu siwezi kuinua mkono nivae kwa kichwa.

Mwanamisi akauliza kama nataka kuficha ama nisifiche. Ati anaweza kunionyesha jinsi ya kuweka marinda upande huo, mtu asijue. Ama mfuko wa ndani wa kutia pamba. Nikasema nataka kuficha. Akasema haya. Kisha akasema ile karatasi haijali, nichore zote tatu, ya marinda, ya mfuko na ya tambarare isiyoficha, niamue asubuhi nikivaa.

Jumanne, 8 Aprili

Nimeshona ya majaribio kwa shuka kuukuu. Kwapa limebana. Nimefungua, nimeshona tena. Shingo imekaa. Kifua kimekaa! Nimejiangalia kwenye kioo kwa upande, kwa mbele, kwa upande ule mwingine. Shuka la maua ya njano, limepauka, na bado ndiyo nguo ya kwanza inayonitosha tangu mwaka jana.

Salesio ameniona jikoni nikiwa nalo. Akasema kama naenda sokoni na shuka nimwambie, avae blanketi tufanane.

Jumamosi, 12 Aprili

Nimeharibu. Nimeharibu kitenge kizuri!

Kile cha bluu na haradali, ambacho binti yetu Caroline aliniletea kutoka Embu kwa pesa yake ya chuo. Nimekata asubuhi, nimeshona dati, nimeunga mabega, kila kitu kwa makini. Nimevaa. Dati imekaa upande usio na kitu, na upande wa titi umebanwa kama kabichi. Niliilaza karatasi kifudifudi. Neno KUSHOTO nililoliandika kwa kalamu nyekundu lilikuwa limeangalia chini! Blauzi za watu wengine hazina shida hiyo. Zikigeuzwa ni zile zile.

Nimelia kwa ajili ya kitenge. Nadhani haikuwa kwa ajili ya kitenge peke yake. Nimefunika cherehani. Nimemwambia Salesio nitaandika barua ya kuongezewa ruhusa, muhula wa tatu labda nitakuwa tayari. Hakubishana. Alisema tu, "Mpigie fundi kwanza."

Sitaki kumpigia.

Jumapili, 13 Aprili

Sikwenda kanisani. Nimempigia Mwanamisi saa nne. Nikamweleza yote, nikingoja anipe pole.

Yeye akauliza: "Mwalimu, kitenge chenyewe kikoje upande wa nyuma?"

Nikaenda kukiangalia. Rangi imepenya. Mbele na nyuma hakuna tofauti, huwezi kujua ni upi.

"Basi si ukigeuze!"

Nilicheka mpaka nikakohoa. Kugeuza tu! Nimefungua dati, nimefungua mabega, nimegeuza vipande viwili vya mbele ndani nje, na kushoto kumekuwa kushoto. Ameniambia nishukuru sikuanzia na kitambaa cha suti, hicho kina uso na mgongo, ningekula hasara.

Ile barua sijaiandika.

Jumanne, 22 Aprili

Siku tisa sijaandika, nimeshona tu. Nguo tano sasa, na zote zimetoka kwenye zile karatasi tatu. Blauzi ya kitenge, yenye marinda upande wa kushoto. Blauzi ya bluu isiyo na kitu, tambarare. Nyingine nyeupe yenye mfuko wa ndani. Gauni la haradali — ni blauzi ile ile, nimeirefusha mpaka chini ya magoti nikatia mifuko mirefu ya pembeni. Na koti jepesi la baridi ya asubuhi, pateni imepanuliwa inchi moja kila upande. Sketi yangu nyeusi ya zamani inakubaliana na blauzi zote. Koti linakubaliana na kila kitu. Nimezipanga kitandani, nikazichanganya, nikazichanganya tena, kama mtoto na wanasesere wa karatasi. Siku nane naweza kwenda shule bila kurudia!

Mshono wa koti nyuma umepinda. Utabaki umepinda.

Alhamisi, 24 Aprili

Kliniki. Daktari ameridhika, nirudi baada ya miezi mitatu. Miezi mitatu!

Kwenye benchi nilikaa na msichana kutoka Kianjokoma, kule Embu, anaitwa Rwamba. Miaka ishirini na minane. Operesheni yake ilikuwa Januari. Alikuwa amevaa sweta kubwa ya mwanamume na joto lile. Aliangalia blauzi yangu ya bluu, ile tambarare, akaangalia tena. Mwishowe akauliza kama nimenunua. Nikasema nimeshona. Akauliza kama ni mimi kweli ama ninajisifu tu. Nikafungua kifungo kimoja nikamwonyesha karatasi inavyokatwa, kwa kidole, hapo hapo kwenye benchi.

Akaniambia arusi yake ni Agosti. Mchumba wake, Mutegi, anajua alikuwa na uvimbe, anajua ulitolewa. Hajui kilichotolewa nao. Ni mama yake tu anayejua. Sikumshauri kitu. Ningeanzia wapi mimi? Nimempa namba ya simu.

Jumatatu, 28 Aprili

Nimerudi kazini.

Asubuhi nilivaa nyeupe, nikavua. Nikavaa ya kitenge, yenye marinda. Nikavua. Mwishowe gauni la haradali na koti juu.

Bi Ruguru, naibu wa mwalimu mkuu, alinikumbatia getini, upande mmoja, taratibu, kama mayai. Kwenye stafrumu, nilipoingia tu, wakaanza kuongea wote kwa pamoja kuhusu mvua. Nikawaacha. Mimi pia ningeongea kuhusu mvua.

Form Three walisimama. Nilihisi macho arobaini na kitu yakipita kifuani mwangu. Nikatia mikono mifukoni. Linda, yule wa dawati la mbele asiyeweza kunyamaza, akapaza sauti: "Mwalimu! Hiyo dress iko na pockets!"

Darasa zima likapiga kelele. Wasichana wakataka kujua pockets zinafika wapi, zinaweza kubeba kitabu? Nimetia chaki na kifutio kuwaonyesha. Kisha nikavua koti, maana joto lilikuwa limepanda, na nikachora ubaoni mito ya Mlima Kenya kwa mkono wa kulia. Sikumbuki nilivua koti saa ngapi hasa. Nimekumbuka jioni tu, nikilitafuta. Nimeliacha darasani!

Jumamosi, 3 Mei

Rwamba amekuja. Hakuja peke yake — Mutegi amemleta kwa pikipiki, kutoka Kianjokoma yote hiyo! Kijana mwenye heshima, ameleta majani ya chai na mkungu wa ndizi. Anajua wamekuja kwa sababu ya gauni la arusi. Amemwambia Salesio ati hajui mambo ya nguo lakini Rwamba akitaka fundi wa Kiirua, ni fundi wa Kiirua. Sasa wako nje kwenye viazi. Nawasikia kupitia dirishani, Mutegi anauliza ekari inatoa magunia mangapi.

Nimemwambia Rwamba kwamba karatasi inaweza kuficha na inaweza kutoficha. Anataka lipi? Akasema hajui. Akasema aliamua barabarani, mara mbili, na mara mbili akabadilisha.

Nimempa chumba avue sweta. Robo saa sasa. Nimeshachora mgongo wa pateni, siwezi kuchora mbele bila vipimo, kwa hivyo naandika hapa.

Ameniita kutoka ndani.

"Mwalimu?"

"Niko hapa."

"Mutegi bado yuko nje?"

"Yuko. Nifunge dirisha?"

Huko nje wanacheka kitu.

"Hapana," amesema. "Liache wazi. Njoo na tepu. Ama umwite yeye — ngoja. Ngoja kidogo."

Nangoja. Nimeshika kitasa, kalamu iko mkono ule mwingine —