Vifungo vya Nasifah

Baba Nasifah,

Maharage yako jikoni, yapashe moto. Mbuzi usimfungue, jana amekula nguo za jirani. Mimi nimeenda Munkunyu kwa dada, nitarudi jioni. Nyumba imenishinda leo.

Gari la kituo cha wenye ulemavu wa akili lilikuja kumchukua binti yetu. Atalala huko Kasese mpaka Ijumaa, ajifunze kujitegemea. Walimu walishanikataza kumfungia vifungo vya shati, hata akichelewa. Sasa dereva anapiga honi, Nasifah anahangaika na kifungo kimoja, mkono wangu ukaenda wenyewe. Akaupiga kofi! “Mama, wacha! Mimi iko mukubwa.”

Zaidi ya miaka ishirini namvalisha mimi. Akapanda gari shati limekwenda upande, kifungo cha juu kwenye tundu la pili, anacheka na wenzake. Hakugeuka hata kidogo.

Na wewe usinicheke. Najua kwa nini leo ulikimbilia sokoni kabla ya chai.

~~Mfunikie Nasifah sahani yake.~~ Chakula cha Nasifah ule wewe. Mkono umezoea, umepika cha watu watatu.

Mama Nasifah