Miti Niliyoiandika Kuwa Imekufa

Kyuso,
Jumapili, baada ya ibada.

Baba mpendwa,

Nakusalimu kwa heshima nyingi. Mguu unaendeleaje? Natumaini dawa za huko Emali zimekushika, na kwamba dada Wayua hakuchoshi na masharti yake ya chumvi. Huku tu wazima. Mvua imetukumbuka siku mbili, ndengu zimeota, na mbuzi wako mweusi amezaa mapacha wasio na adabu kama yeye. Ningekupigia simu, lakini nilijua ningekata kabla sijasema. Wayua akikusomea, tafadhali asiruke mahali.

Kazi ya kupima miti imeanza tena. Wiki jana alikuja Bi Salama, mtaalamu wa udongo, tukazunguka naye ndani ya ua na nje yake. Ndani, kule tulikofungia ndovu na wanyama wengine wote wasiingie, ni visiki vyeusi tangu moto wa Septemba. Nje, moto ulifika ukazimika wenyewe, kwa sababu pundamilia na nyati walikuwa wamekula nyasi hadi karibu na mchanga. Alichimba pande zote mbili. Alinieleza kwamba kaboni nyingi ya mbuga kama yetu iko chini, kwenye udongo na mizizi ya nyasi, na kwamba wanyama wanaokula na kuacha samadi husaidia ikae huko. Ile ya miti iko juu, na yetu imeenda na moshi. Nilikuwa naandika anayosema, Baba, na aibu imenijaa.

Unakumbuka baraza la ule ua. Nilisimama na daftari nikasema ndovu wameua nusu ya miti, na kama tunataka mradi wa kaboni, wa kulipwa kwa kutunza miti, lazima tuwafungie nje. Ulipiga makofi kuliko wote. Mzee Kisilu peke yake aliuliza nyasi zitaliwa na nani, tukamcheka. Misimu miwili baadaye nyasi zilinifika kifuani. Kaa moja la moto lilimponyoka Mzee Kisilu akirina asali kwa moshi ndani ya ua, kazi aliyoifanya humo miaka arobaini bila kuunguza hata kichaka, na kila kitu kikateketea, pamoja na mizinga yako yote. Kanisa likamvua cheo cha mzee wa kanisa. Nawe, uliyetahiriwa naye siku moja, ukaenda Emali bila kumuaga.

Sasa niseme. Miti ile haikuwa imekufa. Ndovu waliivunja, ndiyo, lakini mingi ilikuwa imechipuka tena kutoka chini. Kwa kanuni ya kazi yetu, mti wa namna hiyo unapimwa kila chipukizi, nawe umeinama kwenye miiba, na mti mmoja unaweza kula nusu saa. Nilishikwa na uvivu. Nilikuwa pia na hasira, maana msimu ule ndovu walikuwa wamemaliza ndengu za Mama, na nilitaka waondoke kabisa. Nikaandika umekufa, umekufa, kurasa kumi na moja. Bi Salama nimemweleza. Hakunigombeza, aliomba tu daftari, na sijui kama nitabaki na kazi.

Lakini kilichonifanya nikuandikie ni Mzee Kisilu. Jana alikuja nyumbani na karatasi na bahasha aliyonunua mwenyewe, akaniomba nimwandikie barua kwako, kwa kuwa mkono wake unatetemeka siku hizi. Alitaka nikuambie kwamba anakubali kosa, kwamba hajui jinsi kaa lile lilivyomponyoka, na kwamba anaomba umsamehe mkiwa bado hai nyote wawili. Nilishika kalamu nikashindwa. Nilimwambia aniachie, nitaiandika leo.

Karatasi hii unayosomewa ndiyo yake, Baba. Kesho asubuhi naenda kwake kumwambia ukweli, kisha kwa mchungaji.

Mama anakusalimu, na anauliza kama blanketi lilifika. Msalimie Wayua na watoto wake.

Ni mimi mwanao niliyekukosea,
Munyao